Setilaiti isiachiwe meli peke yake

Mbolea anayotia mkulima wa Hasamba kwenye mahindi yake hushushwa bandari ya Dar es Salaam, na kahawa ya Mbozi huvuka bahari kwenda kwa wanunuzi. Meli ikipanda mwamba, hasara hupanda lori hadi Vwawa na Tunduma. Kwa hiyo usalama wa meli unatuhusu hata sisi wa milimani.

Meli za leo hujua zilipo kwa setilaiti. Hadi Mei 2000, Marekani ilikuwa ikipunguza kwa makusudi usahihi wa GPS, mfumo wake wa setilaiti, kwa raia, kosa likifika hata mita 100. Ilipoacha, kosa likashuka mno, na leo ni la mita chache tu. Hayo ni maendeleo makubwa, na yameokoa maisha.

Tatizo ni mabaharia kubweteka. Juni 1995, meli ya abiria Royal Majesty ilikuwa ikitoka Bermuda kwenda Boston na watu zaidi ya 1,500. Waya wa antena ya GPS ulichomoka mapema safarini. Kifaa kikaendelea kuonyesha mahali kwa kukisia, kikitoa onyo la herufi chache ndogo kwenye kioo. Kwa zaidi ya saa 30 hakuna aliyezijali. Meli ilikwama kwenye fungu la mchanga karibu na kisiwa cha Nantucket, takriban maili 17 nje ya njia yake. Ni bahati kwamba hakuna aliyekufa.

Siku hizi kuna hatari nyingine. Mawimbi ya setilaiti hufika yakiwa dhaifu, na mwenye nia mbaya anaweza kuyavuruga au kurusha ya uongo. Mei 2025 meli ya makontena MSC Antonia ilikwama karibu na Jeddah, wakati mawimbi ya GPS yakivurugwa katika Bahari ya Shamu, njia fupi ya shehena zetu kwenda Ulaya.

Tunazitaka Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC) na Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar zisiishie kukagua kama kifaa kipo. Ziwapime manahodha: wanaweza kujua walipo kwa rada, dira, kina cha maji na minara ya taa, GPS ikiwa imezimwa? Minara nayo iwake kila usiku. Nahodha asiyeweza hayo asipewe meli.