Tuijaribu Kwanza kwa Njia ya Likasi

Siku hizi kikundi cha vijana kikianza kuwaza hija ya Namugongo, Uganda, kwa sikukuu ya Mashahidi ya tarehe 3 Juni, hakosekani mmoja wa kutoa simu na kuiomba programu ya akili bandia ipange safari yote. Kufumba na kufumbua njia imechorwa, siku zimehesabiwa, hata mahali pa kulala pametajwa. Hatuoni ubaya katika hilo. Ila programu ni nyingi, na fedha zitakazotumika ni michango ya wazazi. Tuiamini ipi?

Twapendekeza kipimo chepesi. Kabla ya kuiuliza habari za Namugongo, tuiulize habari za Likasi, kilomita 120 hivi kutoka hapa Lubumbashi, njia ambayo wengi wetu twaifahamu. Tuseme tunasafiri Januari, mvua zikinyesha. Kisha tuiulize habari za Kasumbalesa, penye mpaka wa Zambia. Programu inayogawa tu kilomita kwa mwendo wa gari, pasipo kutaja mvua wala foleni ya malori, itatupoteza zaidi tukishafika Tunduma, ambako hata saa hubadilika: Tanzania iko mbele yetu kwa saa moja.

Yafaa tujue sababu. Programu hizi huunda majibu kutokana na maandishi mengi mno ziliyolishwa. Kuhusu Paris yako tele. Kuhusu Likasi ni haba, na pengo hilo mashine huweza kuliziba kwa maneno yanayofanana na ukweli, pengine kwa hoteli isiyokuwepo kabisa. Ndiyo maana twaipendelea ile inayokiri kutojua kuliko ile yenye jibu fasaha kwa kila jambo. Tena ionyeshe habari imetoka wapi, tukaisome wenyewe, na mpango wake uhifadhike katika simu, maana mtandao haupatikani njia nzima. Ikidai picha ya pasipoti ili tu ituchoree njia, tuiache.

Masharti ya viza yaulizwe ubalozini, na ya kadi ya homa ya manjano kwa wahudumu wa afya. Hapo tusitegemee programu yoyote, hata iliyofaulu Likasi. Na kabla mchango wa kwanza haujakusanywa, aitwe dereva mmoja anayevuka Kasumbalesa mara kwa mara, asomewe mpango wa simu tangu mwanzo hadi mwisho, naye aukosoe.