Hiyo simu ya 4G unayonunua, inapiga simu kwa 4G?

Kama umepita katikati ya mji wa Kitale hivi karibuni, unajua ninachosema. Nje ya kila duka la simu kuna spika, kuna kijana wa rika lako ameshika maikrofoni, na neno analorudia ni moja tu: 5G. Simu ya 5G, bei ya kutupa, lipa kidogo kidogo, ingia ujionee. Wiki iliyopita niliingia kwa maduka manne. Nina elfu kumi na moja, pesa ya posta za harusi na matangazo ya mazishi nilizotengeneza tangu mwaka uanze, na simu yangu imekufa. Kwa hivyo niko sokoni kama wewe, na nataka tuongee kabla hujatoa pesa.

Kwa maduka yote manne niliuliza swali moja: hii simu inapiga simu kwa 4G?

Wa kwanza alinicheka. "Buda, 4G ni ya intaneti. Kupiga ni kupiga." Wa pili alisema ndiyo kabla sijamaliza kuuliza. Nikamjaribu, nikamuuliza kama inaweza kuoshwa na sabuni, akasema ndiyo pia. Wa tatu alitaka kujua kama nanunua au nafanya utafiti. Wa nne alikuwa msichana anayekula mahindi choma nyuma ya kaunta. Alipangusa vidole, akafungua mipangilio, akatafuta kidogo, kisha akaniambia: "Hii haina VoLTE. Hiyo ingine iko nayo." Huyo nitarudi kwake.

Najua unajiuliza mbona nasumbua watu na mambo ya kiufundi. Wacha nikuambie.

Nililelewa na kukhu huko Bungoma, upande wa Chwele. Nilipoacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imekataa kabisa kupatikana, nilihamia Kitale kutafuta. Mwaka jana nikanunua simu. Boksi limeandikwa 4G, na haikuwa uwongo: 4G ilikuwa inaingia mpaka ndani ya chumba changu, ploti ya chini, ukuta wa mawe. Usiku mmoja kukhu akazidiwa. Mjomba alinipigia mara tisa. Simu ilikuwa mezani mbele ya macho yangu, imewaka, 4G imejaa, napakia video. Haikulia hata mara moja. Yeye upande wake alikuwa anaambiwa mteja hapatikani. Nilijua asubuhi kupitia WhatsApp, kukhu akiwa amepelekwa hospitali kwa bodaboda usiku, mjomba amemshikilia kwa nyuma.

Alipona, asante Mungu. Lakini mjomba anaamini mpaka leo kwamba niliona jina lake nikazima simu. Na huwezi kumwelezea mzee wa Chwele kwamba mtu anaweza kuwa kwa intaneti na wakati huohuo awe hapatikani.

Aliyenielezea mimi ni fundi mmoja pale Bungoma, na nitakupa vile alinipa. 2G na 3G zilikuwa na njia yake maalumu ya kubeba sauti. 4G ilipotengenezwa, ilitengenezwa kubeba data tu. Kwa hivyo simu ikiwa kwenye 4G na mtu akupigie, mtandao unaiambia: shuka kwanza kwa 3G au 2G, ndiyo uongee. Simu inashuka, inalia, unaongea, ukimaliza inapanda tena. Mjini hii inachukua sekunde chache na huwezi kugundua, isipokuwa labda umewahi kushangaa mbona intaneti inakufa ukiwa unaongea. Sasa ukiwa mahali 4G ni nzuri lakini 3G na 2G ni hafifu, kama ndani ya kile chumba changu, simu inaambiwa ishuke na haipati pa kukanyaga. Hapo ndipo unageuka kuwa mteja hapatikani.

VoLTE ni dawa ya hayo. Ni sauti kubebwa ndani ya 4G yenyewe, bila kushuka. Kwenye simu zingine mipangilio inaiita hivyo, zingine zinaiita kupiga kwa 4G. Simu nyingi mpya ziko nayo, lakini zile za bei ya chini kabisa, ambazo mimi na wewe ndio wateja wake, zingine hazina. Na boksi haliwezi kukuambia. Boksi litasema 4G kwa herufi kubwa.

Ukitaka kuona haya yote kwa macho, panda matatu ya Kitale kwenda Bungoma, ukae ukiangalia zile herufi juu ya kioo. Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, Webuye. 4G inakuja, inaondoka, inakuja H au H+ ambayo ni 3G, mahali pengine inabaki E, na E ni 2G, mtandao wa enzi za kina mulika mwizi. Rafiki yangu ana simu ya 5G. Mjini anatamba nayo. Tukishaacha barabara ya lami kwenda kwa kina kukhu tunakuwa sawa, sote tuko kwa E, tofauti ni kwamba yeye alilipa zaidi.

Kuna sababu ya pili ya kuuliza kuhusu VoLTE, na hii ni ya kesho, si ya leo. Huko nje mitandao ya zamani inazimwa. Marekani, AT&T ilizima 3G Februari 2022 na Verizon ikamaliza mwisho wa mwaka huohuo. Kuna watu kule walikuwa na simu za 4G kabisa, bado nzima, na hazikuweza tena kupiga, kwa sababu hazikuwa na VoLTE inayokubaliwa na mtandao. Uingereza kampuni zimekuwa zikizima 3G, na 2G imepewa hadi 2033. Afrika Kusini serikali ilitangaza mpango wa kuzima 2G na 3G kufikia mwisho wa 2027. Sababu ni kwamba masafa ni kama shamba, hayaongezeki. Ukitaka kupanda mahindi mengi zaidi ekari ni ileile, lazima ung'oe kitu.

Hapa kwetu 2G na 3G bado ziko hewani. Lakini simu unayonunua leo unataka ikae miaka mitatu, minne. Na angalia kinachotokea nchi nyingi za Ulaya: 3G inaondoka kwanza, 2G inaachwa nyuma kidogo kwa sababu ya simu ndogo na mashine zinazoitegemea. M-Pesa ilianza Machi 2007 kwa simu za aina hiyo, na mpaka leo inaenda vizuri kwa kabambe. Kwa hivyo kabambe ya kukhu, ile ya tochi, ya betri ya wiki, inaweza kuishi kuliko simu janja ya 3G ambayo kuna duka bado linaiuza kama ofa. Hiyo ya 3G usinunue hata kama wanakuongezea kava na earphone.

Sisi tunazijua hizi zima-zima. Mwisho wa Septemba 2012 simu feki zilizimwa, zaidi ya milioni moja, na waliolia si walioziingiza nchini bali mama mboga aliyenunua yake mwezi mmoja kabla. 2015 ikaja zamu ya runinga za analogi. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka watu wakiangalia chenga, na wengine walikuwa wametoka tu kununua runinga ya mgongo, mpya, kwa sababu ilikuwa imeshuka bei. Hakuna aliyewaambia mbona imeshuka. Kitu kikikaribia kufa mjini mkubwa, kinateremshwa bei na kuletwa kwetu, na sisi tunashukuru kwa ofa.

Ndiyo maana nina kisa na Mamlaka ya Mawasiliano. Ndiyo inayoidhinisha aina za simu zinazouzwa Kenya. Ilitangaza kwamba kuanzia Januari 2025 simu mpya zinazoingia nchini IMEI zake zionyeshe kwamba ushuru umelipwa. Sawa, serikali ipate chake. Lakini kama iliweza kutaka kuhakikisha KRA imepata pesa, inashindwaje kulazimisha boksi liandikwe kama simu inapiga kwa 4G? Ni mstari mmoja. Simu janja isiyo na VoLTE haifai kuidhinishwa tena, nasema hivyo bila kupepesa.

Sasa kuhusu 5G yenyewe, sitaki uniite mshamba. Safaricom ilianza kuijaribu Machi 2021, na Kakamega, jirani zetu kabisa, ilikuwa kati ya miji minne ya kwanza pamoja na Nairobi, Kisumu na Kisii. Airtel ikafuata Julai 2023. Ni kitu kizuri. Kama unaishi mjini, unapakia video kila siku na una pesa ya bando, nunua. Lakini kwa elfu kumi na moja, ukipewa 5G kuna kitu kimekatwa mahali, na mara nyingi ni memori na kamera. Tena ukipigiwa, hata simu ya 5G mara nyingi inashuka kwa 4G ili uongee. Swali ni lilelile.

Hizi za mtumba kutoka nje, zinazoitwa ex-US na ex-UK, nazo zina mambo yake. 4G ya Safaricom inatumia sana masafa ya 800 na 1800, ambayo kwa lugha ya simu ni bendi 20 na bendi 3. Ile ya 800 ndiyo inasafiri mbali na kuingia ndani ya nyumba, kwa hivyo kwa watu wa Kwanza, Endebess na Chwele ndiyo muhimu. Kuna simu zilizotengenezewa soko la Marekani ambazo bendi 20 hazina. Tafuta jina kamili la modeli mtandaoni kabla hujalipa. Na iPhone za Marekani kuanzia 14 hazina hata mahali pa kuweka laini, ni eSIM tu. Nimeona jamaa akigeuza moja huku na kule na pini mkononi, akitafuta tundu.

Mkopo sitautukana, kwa sababu bila mkopo wengi wetu tungekuwa bado na kabambe. Mpango wa Lipa Mdogo Mdogo ulipoanza Julai 2020 ulikuwa shilingi 20 kwa siku, na uliwaingiza watu kwa 4G. Mimi mwenyewe simu yangu ya kwanza ilikuwa ya mkopo, wa kampuni nyingine, na ilifungwa nikiwa katikati ya kazi ya mteja kwa kukosa siku mbili. Ninachosema ni upige hesabu. Shilingi 60 kwa siku kwa mwaka mmoja ni 21,900. Halafu jiulize, siku utakayomaliza kulipa, hiyo simu bado itakuwa na maana? Tangu Januari 2025 WhatsApp haifanyi kazi kwa Android 4.4. Kuna mtu alikuwa analala akiwa na WhatsApp, akaamka hana.

Basi ukienda dukani, beba laini yako, na iwe ya 4G kweli, maana zile kuukuu za miaka ya nyuma inabidi zibadilishwe kwanza. Usikubali maneno. Weka laini kwenye simu, zima Wi-Fi, washa VoLTE kama ipo, mpigie mtu, na ukiwa unaongea angalia ile alama juu. Ikibaki 4G au LTE, hiyo ni simu. Ikigeuka H au E, mrudishie. Jaribio hili ni bora kuliko kusoma sifa za simu, kwa sababu kuna simu zina VoLTE kwenye karatasi lakini mtandao wako haujaifungulia modeli hiyo. Kisha piga *#06# ulinganishe IMEI na ya kwenye boksi. Muuzaji akikataa usiweke laini yako ati utachubua, toka. Kitale maduka ni mengi.

Kuna msomaji ataniambia, "Boss, mimi sipigi hata simu, natumia WhatsApp na TikTok, basi." Hata mimi nilikuwa hivyo. Lakini mjomba hapigi WhatsApp. Mwenye nyumba hapigi WhatsApp. Ukiona mtu anakupigia simu ya kawaida saa nane usiku, si meme anataka kukutumia.

Ijumaa narudi kwa yule msichana wa mahindi choma na laini yangu. Ile simu ikipita pale dukani, nitaipeleka kwa kile chumba changu cha ukuta wa mawe, niwashe 4G, nianze kupakia video. Nimeshamwambia mjomba apige saa mbili usiku. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Na usiposhika, utasema ni nini sasa?"