King'ora umenunua, sasa mtafute fundi

KRISMASI inapokaribia, magari ya kwenda Kitui na Wote huondoka Nairobi yakiwa yamesheheni magodoro, mafuta ya kupikia na magunia ya unga. Miaka hii kumezuka mzigo mwingine mdogo: kisanduku cha king'ora cha nyumbani kisichotumia nyaya. Kijana aliye kazini mjini amekinunua Luthuli Avenue, au ametumiwa na dada yake aliye Marekani. Nyanya analala peke yake kule Mwingi au Kibwezi, na nani atapata usingizi mjini akijua kuwa mlango wa mamake umeshikiliwa na komeo moja tu?

Nia hiyo ni njema. Lakini aghalabu mambo huwa hivi: kisanduku hufunguliwa mezani, vijana wakabandika vipande ukutani kwa gundi, king'ora kikalia mara mbili watu wakacheka, na Januari kila mtu akarudi kazini. Kufikia Machi gundi imelegea kwa joto, na nyanya amechomoa kifaa kwa sababu kinamwamsha bure usiku. Pesa zimekwenda, ulinzi haupo.

Mpenzi msomaji, kifaa hiki kina sehemu tatu. Kuna vitambuzi, ambavyo huhisi mlango ukifunguliwa au mtu akipita. Kuna kisanduku kikuu, ambacho hupokea habari hizo kwa mawimbi ya redio. Na kuna king'ora chenyewe, pamoja na laini ya simu inayowapigia wenye nyumba. Kazi ya fundi ni kuhakikisha kuwa sehemu hizi zinaelewana katika nyumba ile, si katika nyumba iliyochorwa kwenye karatasi ya maelezo.

Nyumba za Kitui na Makueni zina mambo yake. Kitambuzi cha kawaida hufuata joto la mwili linalosonga. Sebule yenye paa la mabati bila dari ikipata joto linalokaribia la mwili wa binadamu, kitambuzi hicho huona kwa shida. Fundi hodari hukiweka mita mbili hivi kutoka sakafuni, mbali na dirisha linalopigwa na jua, na pale ambapo paka na mijusi hawatakichezea.

Kisha kuna milango ya chuma. Kitambuzi cha mlangoni hutumia sumaku, na chuma huivuruga sumaku hiyo. Kibao chembamba au plastiki hutiwa katikati ili kuitenga na chuma. Kadhalika, mabati na kuta nene hupunguza nguvu ya mawimbi ya redio, hivyo jiko la mabati lililo uani huenda lisisikike kabisa. Fundi wa kweli hujaribu kila mlango, mmoja mmoja, kabla ya kutoboa tundu lolote.

Umeme nao haukosi visa. Mvua za Novemba zikianza, radi hupiga na stima hupotea. Uliza betri ya akiba inadumu saa ngapi, na kama kifaa kinaweza kutumia sola ya pale nyumbani. Iwapo kilitoka Marekani, tahadhari: vifaa vya kule huundiwa umeme wa volti 120, ilhali wetu ni 240. Masafa ya redio pia hutofautiana. Kule vingi hutumia megahezi 345 au 915, na vilivyoundiwa upande wetu wa dunia hutumia 433 au 868. Mwonyeshe fundi maandishi yaliyo nyuma ya kifaa kabla hujamlipa nauli ya kwenda mashambani.

Na laini ya simu? Mtandao upimwe pale pale kisanduku kitakapokaa, si barabarani. Laini isiyo na salio haitampigia mtu, na ile isiyotumiwa kwa miezi mingi huweza kufungwa na kampuni. Mtu mmoja katika familia apewe jukumu la kuitunza.

Sasa tufike kwenye jambo zito. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Fundi huyu utamwonyesha kila mlango, kila dirisha, na chumba anacholala mama. Usimwokote njiani kwa sababu bei yake ni nafuu. Sheria ya Udhibiti wa Ulinzi wa Kibinafsi ya mwaka 2016 iliunda mamlaka ya kusajili wanaotoa huduma za ulinzi, basi uliza kama amesajiliwa. Iwapo ataunganisha kifaa na nyaya za umeme wa nyumba, aonyeshe leseni ya fundi wa umeme. Omba majina ya watu wawili aliowafanyia kazi, uwapigie. Jamaa awepo tangu mwanzo hadi mwisho wa kazi. Fundi akishaondoka, badilisha nambari ya siri siku iyo hiyo, na uhesabu rimoti zote.

Tena, asiondoke kabla nyanya mwenyewe hajakiwasha na kukizima mara tatu bila kusaidiwa. Kifaa kinachoeleweka na wajukuu wa Nairobi pekee hakimlindi yeye.

Mwisho, jiulize: kikilia saa nane usiku, nani atakuja? Wewe uko zaidi ya kilomita 100. Polisi hupatikana kwa nambari 999 au 112, lakini wa kwanza kufika ni jirani. Tangu zamani ukemi ukipigwa kijijini, watu walitoka. King'ora ni ukemi wa betri tu. Waite majirani na wazee wa Nyumba Kumi, wasikie sauti yake mchana, na mkubaliane ni nani atampigia nani. Kikilia ovyo kwa sababu ya paka, mara ya nne hakuna atakayeinuka kitandani, na huenda hiyo ndiyo siku ya mwizi.

Kwa hivyo unapopanga bajeti ya king'ora, usihesabu bei ya dukani peke yake. Ongeza ya fundi, ya betri, ya salio, na chai ya majirani.