Celica yangu, Porsche ya milioni 62, na hela za oda

Kuna mdogo wetu mmoja anauza mikoba mtandaoni, wiki iliyopita kaniuliza swali ambalo nimeshindwa kulijibu kwa voisi ya dakika moja. Ana gari dogo la kispoti la milango miwili, anataka aliuze, aongezee hela, achukue la kispoti la kifahari. Sababu yake ni kwamba wateja wamchukulie siriazi. Nimeona nijibu hapa kwa sababu najua hayuko peke yake, na kwa sababu mimi nilishaianza njia hiyo nikageukia katikati, nikiwa nimeshaumiza watu.

Kwanza nijitetee kidogo. Mimi siyo wale walimu wa biashara wanaosema gari ni hasara, panda daladala mpaka uwe na nyumba tatu. Napenda magari toka niko form two. Nilikuwa nachora Celica nyuma ya daftari la hesabu, na matokeo ya hesabu mnaweza kuyakisia wenyewe. Form four ikaisha, sikuendelea, nikaanza na pea nane za raba za mtumba kutoka Karume, napiga picha kitandani kwa mama, naweka status. Leo nina fremu Sinza na nauza raba mpya za kuagiza. Na Celica nilikuja kuinunua kweli. Ya mwaka 2003, ile ya mwisho mwisho kabla Toyota hawajaacha kuitengeneza 2006.

Hilo gari watu wanalidharau bure. Injini yake ni 1ZZ ya 1.8, ambayo Toyota wameiweka kwenye magari kibao tunayoyaona mjini, Wish na Premio za 1.8 zikiwemo. Maana yake ukikwama, spea unaipata Kariakoo siku hiyo hiyo na fundi yeyote anaijua. (Ukitaka kununua, angalia mwaka. Za mwanzo mwanzo zilikuwa na sifa mbaya ya kula oil.) Mlango wa nyuma unafunguka mkubwa, ukilaza siti za nyuma unapakia maboksi 40 ya viatu, nimeshahesabu. Nguvu yake ni farasi 140 na ushee, inatosha kabisa kwa foleni ya Mwenge.

Sasa mwaka juzi akaja dalali mmoja na Porsche Cayman S ya 2006. Gari lina namba za hapa, kodi imeshalipwa, milioni 62. Nililiona jioni, jua limelala kwenye bodi, nikajikuta nalizunguka kama mtoto dirishani kwa muuza keki. Injini 3.4, silinda sita, farasi 295, na imekaa nyuma ya mgongo wako, siyo mbele. Ukikanyaga unaisikia shingoni. Sitadanganya kwamba sikulipenda, mpaka leo nalipenda.

Nikaanza kujidanganya kwa hesabu. Nikasema, kuagiza Japani ni ghali zaidi, hapa naokoa. Na kweli hesabu ya kuagiza inatisha. Chukua gari la zaidi ya miaka 10, injini zaidi ya cc 2,000, thamani yake mpaka linafika bandarini tuseme milioni 40. Ushuru wa forodha asilimia 25, milioni 10. Juu ya hiyo 50, ushuru wa bidhaa asilimia 10, milioni 5, halafu ule wa uchakavu asilimia 30, milioni 15. Halafu VAT asilimia 18 juu ya jumla yote, milioni 12.6. Jumla ya kodi milioni 42.6, imezidi bei ya gari lenyewe, na hapo hujamlipa wakala wa bandarini wala hujagusa zile tozo ndogo ndogo. Kwa hiyo milioni 62 nikaiona kama punguzo. Ndiyo ujanja wa akili yako ikishapenda kitu, inakutafutia bei kubwa zaidi pembeni ili hii ionekane ndogo.

Celica ningeiuza milioni 15. Akiba yangu ya miaka miwili, milioni 21, nilikuwa nimeifunga benki kwa muda maalumu na ilibaki siku sita iive. Hapo bado milioni 26 hazijulikani zinatoka wapi. Mtaji wangu wote wa dukani, ukihesabu mpaka soksi na mifuko ya kubebea, ulikuwa milioni 24. Nikasema nitakopa. Faida yangu kwa mwezi mzuri ni milioni mbili na nusu, nikaona inatosha kulipa mkopo. Nitakula nini, hilo sikuliandika kwenye karatasi.

Dalali akasema kuna mtu mwingine analitaka, nitoe milioni 8 leo ya kushikia gari, nyingine ndani ya siku saba. Akiba imefungwa. Lakini kwenye simu yangu kulikuwa na hela.

Zilikuwa wiki tatu kabla ya Idd. Nilikuwa nimefungua oda za kuagiza Guangzhou, mteja anatanguliza nusu, mzigo unakuja kwa ndege, siku kumi hivi. Watu 83 walikuwa wameshatanguliza, kila mmoja 95,000. Piga mwenyewe, 7,885,000. Nikaongezea 115,000 yangu, nikamtumia dalali milioni 8 nikiwa nimesimama nje ya fremu, mkono unanitetemeka kwa furaha. Nikajiambia siku sita siyo kitu, akiba ikiiva nalipa mzigo, unafika Idd ikiwa bado siku tano, hakuna atakayejua.

Siku sita zikafika, milioni 21 ikaingia. Na hapa ndipo ninapoona aibu kuliko pote. Sikulipa mzigo. Nilikaa na ile hela siku nne nzima, kwa sababu nikilipa mzigo sina cha kumpa dalali, nisipompa dalali naikosa Porsche pamoja na milioni 8. Wateja wanauliza mzigo umefika wapi, mimi najibu "uko njiani boss". Uko njiani wapi, haujalipiwa hata dola moja! Wauzaji wenzangu, tunapolalamika kwamba wateja hawatuamini, wanataka kulipa mzigo ukifika tu, tukumbuke kwamba mtu kama mimi, mwenye fremu na jina zuri na wala siyo tapeli, alifanya hivi kwa siku kumi.

Aliyenitoa ni fundi, siyo dhamiri. Ningependa kusema dhamiri ila ningedanganya. Siku ya kumi ndiyo nikampeleka fundi anayejua magari ya Kijerumani akalicheki gari, jambo ambalo mtu mwenye akili hulifanya kabla ya kutoa hata mia. Akachomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari, akafungua plagi, akaingiza kamera ndogo kama waya mpaka ndani ya silinda. Akaniita nitazame kwenye simu yake. Kuta za silinda mbili zilikuwa na mikwaruzo mirefu ya kusimama, kama mtu kapitisha uma.

Akaniambia hiyo ni ada ya injini hizi. Tena Cayman za kabla ya 2009 zina shafti moja ya katikati ambayo beringi yake ikifa inaweza kuua injini nzima, na kwa za miaka ile ya 2006 mpaka 2008 huwezi hata kuibadilisha bila kupasua injini. Walipobadilisha injini kwa toleo la 2009 ile shafti wakaiondoa kabisa. Nikamuuliza kuifungua na kuitengeneza ni kiasi gani. Akataja namba inayonunua Celica yangu na chenji inabaki. Halafu akacheka kwa huruma, akasema, "Mdogo wangu, gari hili limeshuka bei, spea zake hazijashuka."

Hiyo sentensi ningeomba mdogo wangu wa mikoba aisikilize. Gari la kifahari lenye miaka 15 au 20 unalipata kwa hela ya kawaida kwa sababu wenye hela wameshaliacha. Lakini diski za breki, shoki, hata tairi, vinauzwa kwa bei ya mtu aliyelinunua jipya. Tairi za nyuma ni pana kuliko za mbele, kwa hiyo huwezi hata kuzizungusha ziishe sawasawa kama tunavyofanya kwenye Toyota zetu. Bima kubwa niliyoulizia mimi ilikuwa inakaribia asilimia 3.5 ya thamani kila mwaka, kwa milioni 62 ni zaidi ya milioni mbili, faida yangu ya karibu mwezi mzima. Na matuta ya mtaani kwetu unayajua. Na maboksi? Siti mbili tu. Lina buti mbele na buti nyuma, zote mbili haziingii mzigo ninaopakia kwenye Celica.

Jioni hiyo hiyo nikalipa mzigo. Guangzhou wakanijibu saizi nyingi zimeisha, nisubiri siku tano. Mzigo ulifika siku ya nne baada ya Idd.

Watu 31 wakataka hela zao, nikarudisha zote, 2,945,000, na raba zao zikabaki kwangu nikaziuza kwa bei ya hasara. Wawili waliniita tapeli na namba yangu ikazunguka kwenye magrupu. Hao sikuwajibu kwa sababu sikuwa na jibu. Lakini aliyeniuma ni mama mmoja wa Mbagala. Alitanguliza kwa ajili ya kijana wake wa darasa la sita aliyekuwa ameshika nafasi nzuri, alimuahidi raba za Idd. Hakutukana. Aliandika tu: "Sawa mwanangu, alivaa ndala, ilipita." Nilimpelekea mwenyewe, Celica ile ile, nikamrudishia na advansi yake. Akataka kunipa soda. Sikuweza kuinywa.

Dalali alirudisha milioni 7 baada ya wiki tano na simu nisizoweza kuhesabu. Moja ilibaki kwake kama "usumbufu".

Sasa turudi kwenye hoja kwamba gari kali linaleta wateja. Mimi huwa namuuliza kila mteja mpya kanijuaje, naandika kwenye daftari. Mwezi ule nilipost picha nimeegemea ile Porsche, ilikuwa ndiyo picha iliyopendwa kuliko zote toka nifungue ukurasa. Oda zilizotokana nayo ni mbili, na mmoja aliishia kuuliza gari linauzwa bei gani. Mwezi huo huo niliweka video ya simu, giza giza, nikionesha jinsi ya kupima mguu kwa karatasi na rula ili usikosee saizi. Oda 41. Mteja wa mtandaoni hakuoni unapofika na gari, anaona bodaboda imefika na boksi. Labda kama unauza viwanja au unakutana na wateja hotelini ni habari nyingine, hiyo biashara siijui na sitaizungumzia.

Kuna dada jirani yangu anauza vipodozi kwa jumla, ana Mercedes safi kabisa na wala hajawahi kuipost. Alilinunua mwaka wa sita wa biashara, keshi, baada ya kufungua fremu ya pili, na alikaa miezi mitatu anaweka pembeni hela ya sevisi kabla hajalinunua, aone kama ataimudu. Namheshimu. Alisema wazi analinunua kwa sababu analipenda. Mimi naona hapo ndipo tunapojichanganya, tunaipa starehe jina la uwekezaji ili tuweze kuigharamia kwa hela ya duka. Iite starehe, halafu itafutie hela ya starehe.

Kwangu nimebadilisha vitu vichache. Advansi za wateja zinaingia laini nyingine kabisa, na namba ya siri anayo dada yangu, mimi sina. Nikitaka kulipa mzigo namtumia risiti ya oda ndipo anatoa. Mwanzo alinicheka, sasa ananihoji kama polisi. Duka linanilipa mshahara, laki saba kwa mwezi, na kwenye hiyo natoa laki moja na nusu ya gari. Kwa mwendo huo Cayman nitaipata nikiwa na mvi, najua. Labda biashara itakua, mshahara utapanda. Labda nitaishia kwenye Toyota 86, ambayo nayo ni nzuri, msinianze.

Mdogo wangu, wewe ulisema una milioni 30 na gari lako litauzika 12. Kabla hujanijibu chochote, nitumie kwanza hesabu moja: kwenye hizo 30, ngapi ni za mikoba ambayo watu wameshalipia na hawajaipata? Nitafute inbox, usiandike hapa. Mimi kesho asubuhi niko gereji, Celica imeanza kulia mguu wa mbele kulia, fundi anasema ni bushi.