"Ana mbio tu, mpira hana"

Ukikaa pembeni ya uwanja pale Chinongwe jioni, kauli hiyo lazima uisikie. Winga kaupitiliza mpira, watu wanaangua kicheko, wiki inayofuata dogo yuko benchi. Baada ya hapo humwoni tena, yuko zake kwenye korosho na ufuta.

Mimi nikiisikia namkumbuka Collins Injera wa Kenya. Mbio zake zilipata mchezo wake, raga, akimfuata kaka yake Humphrey Kayange. Wote wakachezea Mwamba ya Nairobi na timu ya taifa. Raga ya wachezaji saba ni hivi: uwanja mkubwa, watu saba kila upande, dakika saba kila kipindi. Ukipata upenyo na una kasi, basi, watakusindikiza tu. Ukiuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani ni trai, pointi tano.

Msimu wa 2008/09 Injera alifunga trai 42, akawa kinara. Kinara wa dunia, siyo wa Afrika Mashariki! Aprili 2016 Kenya wakaipiga Fiji 30-7 kwenye fainali ya Singapore, Fiji hii hii iliyobeba dhahabu ya Olimpiki miezi michache baadaye. Mei, jijini London, akaivuka rekodi ya trai 230 ya Muajentina Santiago Gómez Cora. Mwaka uliofuata Dan Norton wa Uingereza akampita, sawa, lakini jirani yetu alishakaa juu ya dunia nzima. Sisi wakati huo tulikuwa tunabishana penalti ya Simba na Yanga.

Msinielewe vibaya. Namungo ikicheza Uwanja wa Majaliwa, mimi bodaboda naitafuta mapema. Ila soka letu halijawahi kufuzu Olimpiki. Medali mbili tulizonazo, fedha za Moscow 1980, zililetwa na Filbert Bayi na Suleiman Nyambui. Kwa mbio "tu" hizo hizo.

Raga Ruangwa haipo, najua. Saa ya kupimia ipo, hata kwenye simu ya mwalimu. Kabla hujamtema dogo, mkimbize mita 100, andika muda, upeleke kwa watu wa riadha wilayani. Yule winga mliyemcheka Jumapili, nani kampima?