Bafu la uani: pesa itangulie chini

Wiki hii, msomaji wangu, tuweke kando mambo ya mapenzi na mitindo. Tuingie bafuni. Usione haya, wote tunaingia.

Nazungumzia mabafu ya zamani. Unazijua zile nyumba zetu za Ilala, Magomeni na Temeke: vyumba vitatu huku, vitatu kule, korido katikati, ukitokeza nyuma uko uani. Hapo pembeni ndipo penye choo na bafu. Bafu lenyewe la enzi za marehemu babu: saruji imechubuka, ukuta una ukungu wa kijani, mlango wa bati umeoza chini, na kitundu cha kutolea maji kimezibwa na vipande vya sabuni. Asubuhi ni foleni, ndoo mkononi, taulo begani.

Sasa watoto wa mjini wakishika vijisenti, wanachokimbilia kwanza ni Kariakoo kununua marumaru. Iko nyumba moja naijua, ndugu wanne walichanga wakambandikia mama yao marumaru nyeupe pee, kuanzia chini mpaka kwenye mabati. Majirani walipanga msururu kutazama kama wanaangalia bibi harusi. Haikupita miezi minne, mpangaji wa chumba kilichopakana na bafu akaona ukuta wake umevimba na rangi inabanduka. Mwezi uliofuata mama mwenyewe akateleza, nyonga ikavunjika. Kumbe fundi alichukua marumaru laini za ukutani akazitandaza sakafuni! Mama yule hadi leo anatembea kwa fimbo, na bafu linang'aa vilevile.

Ndiyo maana nasema, pesa yako itangulie chini, kule ambako mgeni haoni. Ukitaka kukarabati, fuata mambo haya.

Kwanza, jua maji yanakwenda wapi. Funua chemba, mwaga ndoo nzima bafuni, tazama. Yakichelewa kufika, bomba limeziba au limekaa vibaya. Usikubali kufunika tatizo hilo kwa zege jipya, maana utakuja kulivunja kwa hasira. Kwenye kitundu cha kutolea maji fundi aweke bomba lile lililopinda, linalobakiza maji kidogo ndani. Yale maji ndiyo yanayozuia harufu na mende wasipande.

Pili, bomba za kuleta maji. Nyumba nyingi za zamani zina bomba za chuma. Kutu inazila kwa ndani, nje unaziona nzima kabisa. Ukizikata unakuta tundu limebaki kama la kalamu ya wino, halafu unalalamika presha ndogo! Badilisha sasa hivi, ukuta ukiwa umeshabomolewa, weka za plastiki. Na kila bafu liwe na koki yake ya kufungia, ili likiharibika nyumba nzima isikose maji.

Tatu, sakafu. Kila mita 1 ishuke kuelekea kitunduni kwa sentimita 1 hadi 2. Fundi akikwambia "nimepima kwa macho, bosi", mpe pimamaji. Zege likishamwagwa, limwagilie maji siku 7, usilikaushe kwa pupa. Kisha lipakwe dawa ya kuzuia maji, ipande na ukutani pia pale maji yanaporukia. Kabla ya marumaru, ziba kitundu, jaza maji kina cha vidole viwili, yaache saa 24. Yakipungua sana au ukuta wa pili ukilowa, hapo bado. Jaribio hili gharama yake ni ndoo chache tu za maji, lakini mafundi wengi watakukunjia uso. Wakunje tu.

Nne, marumaru zenyewe. Za chini ziwe za kukwaruza, hata kama hazipendezi sana. Na kama ukuta ni wa udongo na miti, usithubutu kuzibandika juu yake, zitakuangukia na plasta yake. Upande huo jenga upya kwa matofali. Hapo hapo kwenye matofali funga bomba la kushikia kwa ajili ya wazee. Kibomba hicho kingemwokoa yule mama.

Tano, shawa ya umeme. Usivute waya kutoka soketi ya chumbani. Iwe na waya wake mnene, swichi yake ya kukatia, na waya wa ethi unaofanya kazi. Nyumba nyingi za zamani ethi hazina. Mwite fundi umeme mwenye leseni, maana maji na umeme vikikutana hakuna kuombana radhi.

Linabaki gumu kuliko yote: nani atoe hela? Nyumba ya urithi ina wenyewe wengi siku ya kugawana kodi, siku ya bafu kila mtu "niko vibaya kidogo mwezi huu". Dawa yake mimi naiona moja. Kabla kodi haijagawanywa, fungu la bafu likatwe kwanza, liandikwe daftarini mbele ya wote. Likitimia, anzeni na bomba na sakafu. Ukuta unaweza kukaa na niru safi hata mwaka mzima, hakuna atakayekufa. Na wapangaji waambieni mapema wataoga wapi siku hizo za ujenzi, na wao ni watu.

Wewe unayekwenda Kariakoo Jumamosi hii na bahasha ya mchango, pitia kwanza duka la mabomba. La marumaru halihami.

Haya, tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.