Kijana karudishwa kutoka jeshini kwa sababu ya bangi: mama, usikimbilie kumpeleka machimboni (SEHEMU YA 4)

Wamama wenzangu wa Shinyanga, Kahama, Geita, Katoro mpaka Mbogwe, najua niliahidi leo tutaendelea na homa ya watoto. Itabidi isubiri, kwa sababu meseji za wiki hizi mbili zimenishinda. Karibu zote zinasema jambo moja kwa maneno tofauti: mtoto alikwenda JKT, au alishaingia jeshini kabisa, akakutwa na msokoto au akapimwa mkojo, sasa yuko nyumbani na begi lake na barua. Mama anauliza, "Nesi, hii barua inafutika?"

Msimamo wangu nauweka mapema ili asiyetaka asiendelee kusoma. Jeshi lina haki ya kumwondoa mtu anayetumia dawa za kulevya. Yule anashika bunduki, anaendesha gari lenye wenzake thelathini, analinda ghala. Mimi mwenyewe sitaki alindwe na mtu aliyevuta, na wewe hutaki. Lakini kijana wa miaka 20 kubebeshwa maneno "utovu wa nidhamu" mpaka anazeeka, bila mahali pa kuyapeleka yakaangaliwe upya hata akipona, hapo sikubali. Adhabu iwepo, na iwe na tarehe ya kuangaliwa tena.

Kwetu huku jambo hili lina uzito wa pekee, mnajua kwa nini. Kijana akirudi kwa aibu, mahali pa kwanza anapokimbilia ni mashimo. Mwakitolyo, Nyarugusu, Mgusu, Rwamgasa, kote huko hakuna anayeuliza cheti. Anashuka duarani usiku, anafanya kazi kwenye karasha kwenye vumbi, na ili asilale anapewa kile kile kilichomfukuzisha, safari hii pamoja na gongo na vidonge vya tramadol. Jeshini alikuwa anavuta kwa kujificha mara moja kwa wiki. Shimoni anavuta ili aweze kushuka. Halafu tunakuja kukutana naye mimi na wewe saa nane usiku wodini, ana degedege la tramadol au anaongea na ukuta, na wewe mama umeshika kandambili zake mkononi.

Ndiyo maana nasema miezi ile ya kwanza baada ya barua ndiyo inayoamua mambo. Hapo ndipo mzazi anapoharibu au anapookoa.

Tuanze na hiyo barua yenyewe. Wengi mnaniambia "hakupewa barua, aliambiwa tu aondoke". Mwambie aiombe kwa maandishi, kwa adabu, kupitia kambi aliyotoka, na abaki na nakala ya ombi lake. Bila karatasi huwezi kujua ameondolewa kwa kosa gani, na nani, tarehe gani. Na tarehe ni kitu kikubwa, nitaeleza hapa chini.

Kisha angalia alikuwa nani. Kijana wa JKT wa kujitolea hajaajiriwa. Yupo kwenye mafunzo na mkataba wa muda, na JKT wenyewe kila wakitangaza nafasi wanarudia kwamba hawatoi ajira. Kilichopotea kwake ni kile cheti, ambacho matangazo ya kazi za vyombo vya ulinzi hukiuliza. Askari aliyekwisha kuajiriwa amepoteza kazi na jina. Na mume wako aliyefukuzwa mgodini kwa kupimwa getini ni habari nyingine kabisa, maana yeye ana Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004.

Hapa wapo watu wanawapotosha. Wanamwambia mama wa askari, "Nenda CMA kashitaki." Mama yangu, sheria hiyo ya 2004 kwenye kifungu chake cha pili kabisa imewaweka nje JWTZ, Polisi, Magereza na JKT. Utapanga foleni bure. CMA ni ya huyo wa mgodini, na kwake yeye siku ni 30 tu tangu alipoachishwa. Zikipita, inabidi aombe kwanza kuongezewa muda na aeleze kwa nini alichelewa. Nimeona wanaume wanakaa miezi mitatu wanasubiri "bosi apoe". Wakati bosi anapoa, siku zinakwisha.

Wa jeshini njia yake ni nyembamba lakini ipo. Anaanza ndani: malalamiko kwa maandishi kwa wakubwa zake, ngazi kwa ngazi, maana mahakama itamuuliza kama alimaliza njia za ndani. Katiba yetu ibara ya 13(6) inasema mtu asikilizwe kikamilifu na awe na haki ya kukata rufaa au kupata nafuu nyingine. Kama hakusikilizwa kabisa, yaani ameitwa uwanjani asubuhi na mchana yuko stendi, hiyo ni hoja. Ngazi zikiisha kuna Mahakama Kuu, kwa njia ya kuomba mapitio ya uamuzi. Unaomba kibali kwanza, na ombi la kibali liwe ndani ya miezi 6 tangu uamuzi ulipotolewa. Mahakama pale haiangalii kama alivuta au hakuvuta. Inaangalia kama aliyemwondoa alikuwa na mamlaka hayo na kama alifuata utaratibu. Kwa hiyo kama alikutwa na bangi kweli, akahojiwa, akapewa nafasi ya kujitetea, akakiri na kusaini, usiuze ng'ombe kwa ajili ya wakili. Nakwambia kama dada yako.

Msaada wa kisheria wa bure upo, kuna sheria yake tangu 2017, na wasaidizi wa kisheria wapo wilayani. Ulizia ofisi ya maendeleo ya jamii. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora nayo inapokea malalamiko ya mtu aliyeonewa na mamlaka.

Na hapa niseme kwa sauti: yule anayekuambia "nipe laki tano, nina mkubwa makao makuu, kijana anarudi wiki ijayo" ni tapeli. Kila mwaka JKT na JWTZ wanaonya, kila mwaka watu wanalizwa. Na mganga anayesema karogwa na shangazi, chanjo mbili na kuku mweusi, sitaki kugombana na imani ya mtu, ila chanjo haitoi bangi kwenye mkojo.

Sasa nirudi kwenye hoja yangu, kwa sababu mtu ataniambia "jeshi likishasema limesema, hakuna kurudi nyuma". Si kweli, na tumeona kwa macho yetu. Mwaka 2021 vijana 854 wa JKT waliondolewa baada ya kudai ajira kwa njia ambayo jeshi lililiita kosa kubwa la nidhamu. Aliyetangaza ni mkuu wa majeshi wa wakati huo, Jenerali Mabeyo. Mwaka uliofuata Rais Samia akawasamehe. Kosa lao halikuwa dawa za kulevya, sawa. Ninachotaka uone ni kwamba mlango ulifunguka. Ila ulifunguka kwa huruma ya mkuu wa nchi, kwa kundi lililoandikwa kwenye magazeti. Kijana mmoja wa Ushirombo aliyerudi peke yake na basi la usiku, nani atampelekea Rais habari zake?

Wenzetu wana utaratibu. Marekani tangu mwaka 1944 sheria iliweka bodi za kupitia upya namna askari alivyoachishwa. Aliyeondolewa vibaya, hata kwa dawa za kulevya, ana miaka 15 ya kuomba karatasi yake ibadilishwe iwe nzuri zaidi. Anajaza fomu, anaambatisha ushahidi: matibabu, barua za waajiri, alivyoishi tangu siku ile. Tangu 2014 wizara yao ya ulinzi imeziambia bodi ziangalie kwa huruma zaidi maombi ya askari ambao vita viliwaumiza akili, maana iligundulika wengi walikuwa wanavuta na kunywa ili walale. Si wote wanaokubaliwa. Hata hivyo mtu anajua aende wapi, na anajua wataangalia nini.

Ningependa kitu cha namna hiyo kwetu. Sisemi arudishiwe bunduki. Baada ya miaka miwili au mitatu akiwa safi, mwenye vipimo na daktari anayemthibitisha, awe na mahali pa kuomba rekodi yake isomeke "aliondolewa, amepona" badala ya kufunga milango yote hadi ya ulinzi wa benki. Wabunge wetu wa huku wanaomba kura kwa wamama. Kikao kijacho cha kata muulizeni. (Mume wangu akisoma hapa atasema nimeanza siasa. Aseme.)

Wakati bodi hiyo haipo, sisi wauguzi tunaweza kukusaidia kitu kimoja, nacho ni faili. Usicheke. Mtu akisema "nimeacha" hakuna anayemwamini, hata mama yake. Kadi ya kliniki yenye tarehe inaaminika. Mlete kijana hospitali ya wilaya au ya mkoa, kitengo cha afya ya akili, mwezi ule ule aliorudi. Aandikishwe, apimwe, apewe tarehe ya kurudi. Vipimo vya mkojo virudiwe mwezi baada ya mwezi na majibu yatunzwe. Elewa kipimo pia: aliyevuta bangi mara moja inaweza isionekane baada ya siku chache, lakini aliyekuwa anavuta kila siku inaweza kuonekana wiki kadhaa baada ya kuacha. Kwa hiyo kipimo cha wiki ya pili kikionyesha bado ipo, usimpige kwamba amekudanganya. Rudieni baadaye.

Arosto ya bangi si ya kuua. Hatalala vizuri, atakuwa mkali, atakataa ugali, wiki moja au mbili. Mvumilie. Akianza kusikia sauti, kuona kila mtu anamfuata, au kutishia kujiua, hiyo si arosto ya kuvumilia nyumbani, mlete siku hiyo hiyo. Mnywaji mkubwa wa gongo naye asiachishwe ghafla kwa kufungiwa chumbani, anaweza kupata degedege na kufa. Na kama ni heroini, ipo methadoni. Tanzania ilianza kuitoa Muhimbili mwaka 2011, na kwa kanda yetu kliniki ipo Mwanza. Methadoni haitibu bangi, msidanganywe. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya wana namba ya bure, 119, ukikwama wapi pa kuanzia.

Wadogo zangu mlioolewa na hawa vijana, mna vichanga ndani: asivutie chumba cha mtoto hata kama dirisha liko wazi, moshi ule mtoto anauvuta pia. Na wewe unayenyonyesha, ukishiriki naye "kidogo tu", inapita kwenye maziwa.

Mama mmoja, nabadilisha mambo kidogo asijulikane, alikuja na mwanawe baada ya mambo ya namna hii. Baba alikuwa ameshasema "asikanyage kwangu". Mama akampa kazi ya kumwagilia bustani ya mchicha na kumsindikiza kliniki kila mwezi kwa baiskeli. Sitasema kijana amekuwa malaika. Aliteleza mara mbili, zote zimeandikwa kwenye faili, na ni sawa ziandikwe, kwa sababu baada ya hizo mbili kuna vipimo tisa safi mfululizo. Juzi fundi wa kuchomelea Kahama aliyekuwa anasita kumchukua, mama alimwonyesha zile karatasi. Akamchukua kwa majaribio. Jeshini hajarudi na pengine hatarudi. Mama ameniuliza kama faili linaweza kuendelea mwakani pia, nikamwambia linaendelea hadi atakapotaka yeye.

Maswali yaleteni hapa chini. Ya siri njooni inboksi, msiandike jina la mtoto wala kambi. Jumamosi narudi kwenye homa ya watoto, naahidi.